Baba, Karani na Matundu ya Mshazari

Baba yangu aliamini kwamba mtu anayepima kwa rula ni mtu asiyejiamini. Yeye alijiamini kuliko mtu yeyote niliyewahi kuishi naye, kwa hiyo nyumbani kwetu Nyamirambo, mjini Kigali, hapakuwa na kipimo kingine zaidi ya utepe wangu wa kushonea, na huo hakuugusa. Alikuwa fundi wa viti. Mimi nilikuwa fundi cherehani. Tuligawana baraza moja lililotazama barabara: kulia cherehani yangu, kushoto meza yake ya kazi, katikati njia ya mtu mmoja. Mteja aliyepita hapo aliondoka na vumbi la mbao kwenye suruali na vipande vya uzi kwenye viatu, bila kujali alikuja kwa nani.

Viti vyake havikuwa na msumari hata mmoja. Kikalio kilikuwa ubao mnene wa kipande kimoja, uliochongwa bonde kidogo mahali pa kukalia, na miguu minne ilichomekwa kwa chini ndani ya matundu. Siri yote ya kiti cha namna hiyo iko kwenye tundu. Ukilitoboa wima, mguu unasimama wima, na siku mtu akijinyoosha nyuma baada ya kula, kiti kinapinduka naye. Lazima mguu utanuke: uende nje kidogo upande, na uende mbele au nyuma kidogo, yote kwa wakati mmoja. Tundu moja, mielekeo miwili, na matundu yote manne lazima yaelewane. Ukikosea moja, yale matatu mazuri hayakusaidii kitu.

Baba alikigeuza kikalio juu chini, akakibana kati ya magoti, akashika keekee, ile ya mkono yenye mpini uliopinda unaozungushwa mbele ya kifua. Akafumba jicho moja. Akasema Bismillahi, akazungusha. Nilipokuwa msichana nilidhani Bismillahi ndiyo iliyokuwa ikipima.

"Macho yangu ndiyo futi yangu," aliwaambia watu, hata wale ambao hawakuuliza.

Babu yangu alikuja mji huu kutoka pande za Tabora akiwa amebeba mizigo ya mfanyabiashara, na kitu pekee alichomwachia Baba ni Kiswahili kile cha wazee, kilichonyooka, ambacho Baba alikitumia kama wengine wanavyotumia fimbo. Aliyekipata zaidi ni mume wangu.

Mume wangu hakuwa fundi wa chochote. Alikuwa karani. Kijana wa kusini, amesoma kwa mapadri mpaka Kifaransa kikamkaa, akasilimu ili anioe, na akajifunza Kiswahili ili aweze kutumwa na baba mkwe wake. Kiswahili chake kilikuwa cha mjini, cha iko iko, na herufi ya r na ya l zilibadilishana nafasi kinywani mwake bila taarifa. Mwaka wa tisini na moja ofisi yake ilipunguza watu, naye akawa mmoja wa waliopunguzwa, kwa barua aliyoipiga chapa mwenyewe. Bosi alimwita, akampa rasimu, akamwambia atoe nakala kumi na nne, na jina lake lilikuwa kwenye nakala ya sita. Aliimaliza kazi. Aliniambia aliikagua mara mbili kwa ajili ya makosa ya tahajia.

Wiki ya kwanza aliendelea kuamka saa ile ile na kuvaa tai. Kisha akaja kukaa barazani na tai yake, akimtazama Baba akitoboa. Siku ya tatu akauliza ile pembe ni digrii ngapi.

"Karani," Baba alimjibu, "mbao hazisomi."

Lakini mume wangu alisoma. Alitafuta ile nusu duara ya plastiki ambayo wanafunzi hununua na kupoteza, akapima miguu ya viti vyote vilivyokuwa ndani, akachora jedwali kwenye daftari kwa wino wa rangi mbili. Safu moja ya miguu ya mbele, safu moja ya miguu ya nyuma, nafasi ya maelezo. Lilikuwa jedwali zuri. Kisha akatoboa kikalio chake cha kwanza, akachomeka miguu, na tukasimama wote watatu kukitazama. Mguu mmoja ulielekea msikitini, mwingine ukaelekea kanisani, na ile miwili ya nyuma ilikuwa imepishana kama ya mtu aliyebanwa na mkojo.

Baba hakucheka palepale. Alikwenda kwanza kumwita jirani.

Tangu siku hiyo kazi iligawanywa hivi: Baba anatoboa matundu mengi, karani anatoboa machache ya kujifunzia, na kila kikalio kinatiwa alama ya penseli chini yake ili ijulikane ni kazi ya nani. Mstari mmoja ni Baba. Msalaba ni karani. Baba ndiye aliyelitoa wazo hilo. Alisema ni kwa ajili ya haki.

Miezi ikapita, viti vikaanza kurudi. Alirudi mwalimu mmoja na kiti kinachocheza, akarudi muuza mkaa, akarudi mama aliyekuwa amenunua vinne kwa ajili ya mahari ya mwanawe na vitatu vilikuwa vinayumba mbele ya wakwe. Kila mara Baba aliomba kiti kigeuzwe, akaniuliza mimi alama ni ipi, nami nikatazama.

"Msalaba, Baba."

"Basi," alimwambia mteja kwa upole mkubwa. "Ni mtoto wa watu, anajifunza. Acha tukitengeneze."

Upole ule uliniumiza kuliko matusi. Niliona haya mbele ya majirani, na nyumbani nilimsema mume wangu. Nilimwambia mtu wa miaka thelathini na minne anayeshindwa kutoboa tundu arudi akatafute ofisi. Nilimwambia baba yangu ana jina mtaa mzima na jina hilo analiharibu yeye. Alikuwa akinisikiliza huku anakunja tai, kwa sababu bado aliivaa siku za Ijumaa.

"Nitajifunza porepore, madamu," alisema. Ndivyo alivyoniita, madamu, kama makarani wote wa wakati ule walivyowaita wake zao.

Mwaka wa tisini na mbili ikaja kazi kubwa. Mama mmoja mwenye kabare, yaani kilabu cha pombe, kule Kabeza, karibu na barabara ya uwanja wa ndege, aliagiza viti ishirini na vinne. Watu walimuuliza Baba kama hajali kutengeneza viti vya pombe. Alijibu kwamba yeye anatengeneza mahali pa kukaa, na mtu akishakaa, mambo yake ni yake na Mola wake. Tukampelekea viwili vya mfano. Baada ya siku nne yule mama alirudi mwenyewe na kimoja, amekibeba mkononi kama kuku aliyeiba mtama.

Alikuwa mnene, mtulivu, mwenye Kiswahili cha Kongo kidogo na cha Kigali kidogo. Hakupandisha sauti. Alikiweka kiti chini, akakaa, kiti kikaegemea kushoto. Akahama kidogo, kikaegemea kulia.

"Mzee," alisema, "watu yangu iko wanaanguka, mimi najua. Lakini wanaanguka saa yao. Huyu wa jana alianguka na hii akiwa anakunywa fanta."

Baba akaomba kigeuzwe. Nikatazama. Msalaba.

"Karani," alisema Baba, na safari hii upole ulikuwa umepungua.

"Samahani, Baba," alisema mume wangu.

Yule mama alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akasema atasubiri mwezi mmoja, na kwamba Gikondo nako kuna mafundi.

Siku mbili baadaye nilikuwa nashona kola, kazi inayomtaka mtu ainamishe kichwa, na Baba akadhani sitazami. Alikuwa na kikalio cha libuyu, ile mbao nzuri ya Kongo, kati ya magoti. Nilikuwa nimeweka alama za penseli mwenyewe, nne, nyeusi. Akaitafuta alama kwa ncha ya keekee, akaikosa kwa upana wa kidole, akatulia, akatoboa pale pale alipoikosa. Mkono wake ulikuwa na nguvu ile ile na Bismillahi ilikuwa ile ile. Mpini tu ulikuwa umelala upande kama mtu anayesinzia, naye hakuuona.

Adhana ya alasiri ikalia, akajipangusa, akaenda msikitini akipapasa ukingo wa ukuta kwa vidole, jambo nililolichukulia siku zote kuwa ni madaha. Mume wangu alitoka ndani. Hakuniona, nilikuwa nyuma ya gauni la bibi harusi lililotundikwa. Alikigeuza kile kikalio, akachukua kipande cha msasa, akaufuta mstari wa Baba taratibu mpaka ukaisha. Kisha akachora msalaba.

Alipoanza kukipangusa, nikatoka nyuma ya gauni.

"Umefanya hivyo kwa vingapi?"

Aliruka kidogo. Akakaa kwenye benchi. "Karibu vyote," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu ile ya mwarimu."

Akanieleza. Alikuwa amegundua mapema, wiki za kwanza, kwa sababu miaka tisa alikaa nyuma ya dirisha la ofisi akiwatazama wazee wakitia sahihi. Mzee mwenye macho mazuri, alisema, anatia sahihi juu ya mstari. Mzee ambaye macho yanakwenda anatia sahihi pembeni, halafu anamlaumu karani kwamba mstari umechorwa vibaya. Baba alikuwa na mtoto wa jicho. Jicho la kushoto lilikuwa na wingu zima, na la kulia lilikuwa linafuata.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungemwambia yeye," alisema.

Nilitaka kukataa, lakini ilikuwa kweli. Ningemwambia siku hiyo hiyo, kwa hasira, mbele ya mteja. Nikakumbuka maneno yote niliyomsema chumbani, nikayapanga moja moja, na nikaona afadhali nirudi kwenye kola. Nilishona mshono uliopinda, nikaufumua.

Ukweli ni kwamba sisi wote wawili tulikuwa waoga. Tulikubaliana kwamba Baba aambiwe, na tukakubaliana kwamba asiambiwe leo. Kesho yake tukakubaliana tena. Wakati huo viti ishirini na viwili vya Kabeza vilikuwa bado ni mbao, na mtu pekee mwenye mkono wa kuvitoboa alikuwa haoni, na mtu pekee aliyeona hakuwa na mkono.

Mimi nikajiambia kwamba mteremko ni mteremko, na mimi nakata miteremko kila siku. Bega la mtu linashuka kwenda nje na linashuka kwenda mbele, na bado nalivika gauni. Nikakata kadibodi mbili zenye pembe za kwenye jedwali la mume wangu, moja ya kusimama mbele ya keekee na moja ya kusimama kando, ili mtoboaji azifuate zote mbili. Wazo lilikuwa safi sana kichwani. Barazani upepo uliangusha kadibodi ya mbele, nikaishika, nikagonga ya kando, na mume wangu aliyekuwa anazungusha alifuata ile iliyokuwa inaanguka. Tukaharibu kikalio kimoja cha libuyu. Nilikificha chini ya cherehani, na kwa muda mrefu kilikuwa mahali pa kuwekea miguu yangu. Ndipo nilipoacha kucheka majedwali ya watu.

Jibu lilikuja nikiwa nimechoka. Palikuwa na kiti cha zamani cha Baba, cha enzi ya macho yake, ambacho mama yangu alikikalia mpaka alipofariki na hakijawahi kucheza. Nilikigeuza juu chini mezani, miguu hewani, nikawa nakizunguka nikitafuta kitu chochote cha kuiga. Nikitazama kwa mbele, mguu ulilala kushoto. Nikitazama kwa kando, ulilala nyuma. Lakini kati ya mbele na kando, nilipofika kwenye kona, mguu ule ule ulisimama wima mbele yangu, umenyooka kama nguzo ya umeme. Nikarudi hatua moja, ukalala. Nikasogea, ukasimama.

Nikamwita mume wangu. Nikamsimamisha pale pale na kumwambia aniambie mguu unalala wapi.

Alitazama sana. "Haurari," alisema. "Iko inaenda mbali na mimi tu. Kushoto hapana, kulia hapana."

Hapo nikaelewa, kwa sababu kwenye nguo jambo hilo, kwenda kona kwa kona, tunaliita kukata mshazari. Mguu haulali pande mbili. Unalala upande mmoja tu, wa kona, na sisi tulikuwa tunautazama kutoka mahali pasipofaa. Nikachora mstari kwenye ule ubao kuanzia mguu ulipoingia, kufuata pale ulipokuwa unaelekea. Kwenye mstari huo mguu una mteremko mmoja, na mteremko mmoja unahitaji kadibodi moja. Mume wangu akaleta nusu duara yake, akapima, na kwa mara ya kwanza tangu afukuzwe kazi alipata namba iliyokuwa na maana. Tulikata kipande kile kwa ubao mwembamba badala ya kadibodi, tukakipigilia kwenye gogo dogo ili kisimame chenyewe. Ukikiweka juu ya mstari, ukilaza keekee mpaka ifuatane nacho, basi umemaliza kufikiri. Tulitoboa kikalio kimoja, kisha kingine. Miguu ikaelewana.

Ikabaki Baba.

"Mwambie ni yangu," alisema mume wangu. "Mwambie ni mimi siwezi kuona pembe. Anajua hiyo tayari."

Asubuhi yake alikwenda mbele ya Baba amekishika kile kidude kwa mikono miwili kama mtu anayepeleka ombi la likizo. Mimi nilikuwa kwenye cherehani, nakanyaga bila uzi.

"Baba," alisema, "mimi macho yangu iko na shida ya pembe. Nimetengeneza hii kitu inisaidie. Ninaomba uitazame kama iko sawa."

Baba alinyoosha mkono. Hakukitazama. Alipitisha kidole gumba kwenye ule ubao mwembamba, chini mpaka juu, akarudia. Akaniambia nimpe kikalio chenye mstari, na hapo ndipo nilipojua kwamba tumegunduliwa, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia habari ya mstari. Alikuwa ameusikia kwa kucha kwenye vikalio vilivyosubiri mezani. Mume wangu aliukwaruza kwa msumari, si kwa penseli, na kwa ajili gani sikumuuliza. Baba akakiweka kile kidude kwenye mstari, akasimamisha keekee karibu nacho, akapitisha kidole kati ya chuma na ubao, kutoka juu hadi chini, akisikiliza nafasi kama mtu anayepapasa mshipa wa mgonjwa. Nafasi ilikuwa pana juu. Akalaza mpini kidogo. Akapapasa tena. Sasa ilikuwa sawa kote.

Muuza maziwa alipita na baiskeli, akasalimia, na Baba hakumjibu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Karani," alisema hatimaye, "hiki ni kitu cha mtu asiyeona."

"Ndiyo, Baba."

"Wewe huoni."

"Sioni, Baba."

"Basi nitakitumia mimi kwanza, ili wewe ukizoee."

Akasema Bismillahi, akazungusha. Tundu lilitoka pale lilipotakiwa. Tangu siku hiyo mpaka viti vya Kabeza vilipokwisha alikitumia kila siku, kila tundu, na kila mtu aliyesimama barazani kuuliza aliambiwa kwamba ni kwa ajili ya mkwe wake, kijana mzuri, ila Mungu hakumjalia jicho.

Cha mwisho kilipokauka gundi, mume wangu alichukua penseli na kuuliza, kwa sauti ya kawaida, avitie vyote alama gani.

"Tia yako," Baba alisema.

"Lakini umetoboa wewe, Baba."

"Tia yako. Si umezoea kuitia kwenye vyangu?" Akainua kidole gumba. "Hiki kinajua mahali palipopigwa msasa. Mbao yangu ya mstari mmoja, na pale penye mstari pamelainishwa. Nani anapiga msasa chini ya kiti?"

Baba akaongeza kwamba mwizi anayeiba lawama ni mwizi wa ajabu, na kwamba hata hivyo ni mwizi, kisha akauliza kama chakula kiko tayari. Ndivyo ilivyotokea kwamba Mwislamu wa Nyamirambo alipeleka viti ishirini na vinne kwenye kabare, na kila kimoja kina msalaba chini yake.

Tulivipeleka kwa kamyoneti ya kukodi. Ilikuwa ni miaka ya vita, na kwenye njia ya uwanja wa ndege palikuwa na bariyeri, kizuizi cha askari cha kukagua wapitao. Askari akasoma vitambulisho vyetu, akavishika mkononi bila haraka, akauliza viti ni vya nani na vinakwenda wapi. Akaomba kimoja kishushwe. Tulidhani anatafuta kitu kilichofichwa. Alikaa. Akajinyoosha nyuma, akakunja miguu, akaendelea kusoma vitambulisho akiwa amekaa, akaturudishia, akatuambia twende. Kiti alibaki nacho. Dereva akang'oa gari kabla mume wangu hajamaliza kuuliza kama ataandikiwa risiti.

Yule mama wa Kabeza alivihesabu, akakuta kimoja kimepungua, akasikiliza habari ya askari, akatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari ya hali ya hewa. Kisha akamwita mteja wake mnene kuliko wote, aliyekuwa amekaa ndani tangu asubuhi, akamkalisha kwenye kiti kimoja baada ya kingine, vyote. Kazi hiyo ilichukua muda na ilihitaji bia mbili. Hakuna kilichocheza.

"Sasa wakianguka," alisema, "ni pombe."

Kabare ile haipo tena. Sijui viti vile viliishia wapi, na katika orodha ya vitu na watu niliokuja kuwapoteza baadaye mwaka wa tisini na nne, viti haviwezi kuingia hata ukurasa wa kumi. Sisi watatu tulitoka hai. Namna tulivyotoka si habari ya kuandikwa pamoja na hii. Nasema tu ili msomaji asisome kurasa hizi akiwa na hofu kwa ajili ya Baba. Yeye mwenyewe hangependa kuhurumiwa kabla ya wakati.

Kilichobaki ni habari ya macho. Baada ya viti vya Kabeza tulidhani kwamba, kwa kuwa kila mtu sasa anajua na kila mtu anajua kwamba kila mtu anajua, Baba atakubali kwenda hospitali. Alikataa mwaka mzima. Alisema macho yake hayana tatizo, tatizo ni mwanga wa siku hizi. Alisema wazee wengi wameingia hospitali wanaona kidogo wakatoka hawaoni kabisa. Mwisho mume wangu alimwendea peke yake, na mpaka leo sijui yote aliyomwambia. Nilipomuuliza alisema alimwambia tu kwamba yeye anataka kwenda kupima macho yake, na anaogopa kwenda peke yake.

Wakaenda pamoja, mmoja akimsindikiza mwingine. Daktari alimpima mume wangu kwa dakika mbili akamwambia macho yake ni mazima. Baba alilazwa.

Alirudi siku ya tano, asubuhi, kwa taksi, bandeji imekwisha kutolewa na amevaa miwani minene iliyomfanya afanane na bundi mwenye elimu. Alishuka mwenyewe, akasimama chini ya baraza, akanitazama. Nilisimama kwenye cherehani, nimejipaka wanja kwa ajili yake. Alitazama sana.

"Mwanangu," alisema, "umezeeka. Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza, Baba."

Akamgeukia mume wangu aliyekuwa anamlipa dereva. "Na wewe, masharubu haya yameanza lini?"

"Tangu ofisini, Baba. Miaka miwili."

"Hayakupendezi."

Akapanda barazani, akakaa, akatazama barabara. Asubuhi nzima alikuwa na malalamiko. Duka la ng'ambo lilikuwa limepakwa rangi ya bluu bila yeye kuambiwa. Mti wa parachichi wa jirani ulikuwa umekatwa. Pazia letu, ambalo alidhani ni la kijani, lilikuwa la kahawia, na alitaka kujua ni nani aliyemdanganya. Nilimwachia mume wangu ajibu, nikaingia jikoni kuchemsha chai.

Nilipoileta, Baba alilichukua birika kutoka mkononi mwangu. Sikuwahi kumwona baba yangu akimmiminia mtu chai, hata mama yangu. Alikijaza kikombe mpaka ukingoni, bila kumwaga tone, akakitazama kidogo akiwa ameridhika na kazi yake, kisha akakisukuma mbele ya mkwe wake.

"Kunywa, Karani," alisema.

Mume wangu aliinywa yote. Haikuwa na sukari, kwa sababu Baba hakujua sukari inakaa wapi, na mume wangu hakuwa mtu wa kuomba.